Wavamizi wanapofika shuleni: Namna ya kuwaandaa wafanyakazi na familia

MASHAMBULIZI mabaya zaidi yaliyowahi kukumba taasisi za elimu katika eneo hili yana jambo moja linalofanana. Hayakutokea wakati wa vipindi, mwalimu mkuu akiwa ofisini na naibu wake akizunguka madarasani. Yalitokea usiku au alfajiri.

Katika kijiji cha Turbi, Marsabit, wavamizi waliokuwa na bunduki na silaha za jadi walifika asubuhi na mapema Julai 12, 2005. Makumi ya watu waliuawa, miongoni mwao zaidi ya watoto 20 wa shule ya msingi.

Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Aprili 2, 2015 mwendo wa saa kumi na moja unusu alfajiri. Baadhi ya wanafunzi walikuwa katika maombi na wengine wakiwa bado vitandani. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi.

Katika shule ya upili ya mseto ya Lokichoggio, Turkana, watu wenye silaha walivamia usiku mnamo Oktoba 2017 na kuua wanafunzi kadhaa pamoja na mlinzi. Nchini Uganda, shule ya sekondari ya Lhubiriha iliyoko Mpondwe, karibu na mpaka wa Congo, ilishambuliwa usiku wa Juni 16, 2023. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi.

Saa kama hizo, wanaokuwa macho shuleni ni bawabu langoni, matroni bwenini, mpishi anayewasha jiko la uji na kiranja anayewaamsha wenzake. Ikiwa mpango wa dharura umefungiwa katika kabati la mwalimu mkuu, watu hao wanne hawana cha kufuata. Maandalizi ya kweli huanza kwao, kisha yakaenea kwa walimu, wanafunzi na wazazi.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazipa bodi za usimamizi wa shule jukumu la kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine. Kabla yake, Wizara ya Elimu ilikuwa imechapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008, ambao unazitaka shule ziwe na kamati ndogo ya usalama.

Kamati hiyo haifai kuwa ya walimu peke yao. Inahitaji mwakilishi wa wazazi, mwakilishi wa wanafunzi, msimamizi wa mabweni na mkuu wa walinzi. Chifu wa eneo na afisa anayesimamia kituo cha polisi kilicho karibu hawana budi kuujua mpango, na ni heri wawe wameutembelea uwanja wa shule kabla ya siku ya mkasa.

Kazi ya kwanza ya kamati ni kujiuliza ni mvamizi wa aina gani anayeweza kufika. Shule iliyo karibu na mpaka wa Somalia ina hofu tofauti na shule ya mtaani jijini Nairobi. Katika kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa, tishio kubwa ni majangili wanaoiba mifugo. Kwingineko anaweza kuwa mwizi, mfanyakazi aliyefutwa kwa uchungu, au mzazi anayezozana na mwenzake kuhusu nani abaki na mtoto.

Wakati mwingine adui ni mtu anayejulikana. Kuhusu mkasa wa Lokichoggio, maafisa wa serikali walimtaja mwanafunzi aliyekuwa amesimamishwa masomo kuwa miongoni mwa washukiwa. Hivyo basi, vitisho vinavyotolewa na mwanafunzi au mfanyakazi havistahili kuchukuliwa kuwa mzaha. Viandikwe, viripotiwe, na mhusika azungumziwe mapema na mshauri pamoja na wazazi wake.

Langoni

Lango ndilo mahali pa bei nafuu zaidi pa kuzuia maafa. Shule iwe na lango moja linalotumiwa na wageni, kitabu cha kuwasajili, na utaratibu wa kumsindikiza kila mgeni hadi ofisini badala ya kumwelekeza kwa kidole.

Bawabu anahitaji vitu vitatu: orodha ya watu wanaoruhusiwa kuchukua watoto, njia ya kuwasiliana na walimu bila kuondoka langoni, na ruhusa ya kupiga kamsa bila kumuuliza mtu. Mlinzi anayeogopa kukaripiwa kwa kutoa tahadhari isiyo ya kweli atachelewa siku ya tahadhari ya kweli.

Shule isiyo na ukuta bado inaweza kujilinda kiasi. Ua wa michongoma au seng'enge hauwezi kumzuia mtu mwenye bunduki, lakini humchelewesha na humfanya aonekane. Vichaka vilivyo karibu na mabweni vifyekwe, na taa za nje ziwe zinawaka kweli.

Ishara mbili tofauti

Kosa ambalo shule hazina budi kuliepuka ni kutumia kengele ile ile kwa kila hatari. Moto unapozuka, wanafunzi hutakiwa kutoka nje na kukusanyika uwanjani. Mvamizi mwenye silaha anapoingia, kuwakusanya uwanjani ni kumpelekea windo.

Kwa hiyo shule ichague ishara mbili zisizoweza kuchanganywa. Kengele ya moto ibaki ilivyo. Ya uvamizi inaweza kuwa king'ora, filimbi zinazopulizwa mfululizo, au tangazo la vipaza sauti kwa maneno ya wazi: kuna mvamizi, yuko mahali fulani. Maneno ya mafumbo huwachanganya wageni, walimu wapya na watoto. Pawe pia na ishara ambayo haitegemei umeme.

Maafa ya kutojua maana ya mlio yalishuhudiwa siku kumi tu baada ya mkasa wa Garissa. Alfajiri ya Aprili 12, 2015, mlipuko wa umeme ulitokea katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni magaidi. Wengine waliruka kutoka orofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, ilhali hapakuwa na mvamizi hata mmoja.

Kutoroka, kujificha, kujitetea

Nchini Marekani, ushauri uliosambazwa kuanzia mwaka 2012 na jiji la Houston unataja hatua tatu: kukimbia, kujificha, na kupambana iwapo hakuna njia nyingine. Uingereza husema kukimbia, kujificha na kutoa taarifa. Hatua hizo si ngazi za kupandwa moja baada ya nyingine. Mtu huchagua kulingana na mahali alipo na mahali mvamizi alipo.

Kutoroka ndilo chaguo bora ikiwa njia ipo wazi na mvamizi yuko mbali. Mizigo iachwe. Wanafunzi wasikimbie wote kwa mstari mmoja, na wakifika nje waendelee hadi mahali palipokubaliwa, kama vile kanisa, msikiti, soko au shule jirani. Kila shule iwe na angalau sehemu mbili za aina hiyo, kwa sababu moja inaweza kuwa upande alikotokea adui.

Ikiwa kutoroka hakuwezekani, waliomo ndani wafunge mlango, wazime taa, wanyamazishe simu na kukaa mbali na mlango na madirisha, nyuma ya ukuta wa mawe inapowezekana. Kabati na godoro humficha mtu lakini havizuii risasi. Huko Garissa, mwanafunzi mmoja alipatikana akiwa hai ndani ya kabati siku mbili baada ya shambulio kukomeshwa. Ni kisa cha ajabu kilichostahili shukrani, lakini mpango wa shule hauwezi kutegemea bahati.

Kujitetea ni la mwisho, nalo ni la watu wazima waliokosa njia nyingine. Watoto wadogo wasifundishwe kwamba ni wajibu wao kumkabili mtu mwenye silaha.

Mpango uwataje kwa majina wale wasioweza kukimbia au kusikia king'ora: mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu, kiziwi, asiyeona na mgonjwa aliye katika zahanati ya shule. Kila mmoja wao awe na watu wawili waliopewa jukumu la kumsaidia. Asiyeweza kushuka ngazi alale na kusomea orofa ya chini.

Mtego wa kufuli

Hapa ndipo maandalizi mengi huharibika. Baada ya kila shambulio, wasimamizi hushawishika kuongeza vyuma madirishani na kufuli milangoni. Historia ya Kenya inaonyesha hatari ya hatua hiyo.

Wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wale waliozimwa na moto huo hawakuuawa na mtu aliyetoka nje ya ua. Mnamo Septemba 2024, wavulana 21 waliangamia katika moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Moto umewaua wanafunzi wa shule za bweni nchini mara nyingi zaidi kuliko wavamizi.

Ndiyo sababu mwongozo wa mwaka 2008 unakataza vyuma katika madirisha ya mabweni. Unataka kila bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, milango yote ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.

Je, mlango utamzuiaje mvamizi bila kuwa jeneza? Jibu ni komeo la ndani: kifaa kinachofungwa na aliye ndani na ambacho hufunguliwa kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo. Tume iliyochunguza mauaji ya watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, Marekani, mwaka 2012, ilisisitiza milango ya madarasa inayoweza kufungwa kutoka ndani.

Mlango unaofunguka kuelekea nje hauzuiwi kwa kurundika madawati. Ukikosa komeo, mkono wake hufungwa kwa kamba au mshipi na kushikizwa kwenye kitu kizito. Walimu walijaribu jambo hili siku ya kawaida, watajua mapema ni milango ipi isiyofungika.

Kitasa kibovu si jambo dogo. Katika mauaji ya shule ya Robb mjini Uvalde, Texas, mwaka 2022, ambapo wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa, kamati ya bunge la jimbo ilibaini kuwa kufuli ya darasa mojawapo ilijulikana kuwa na hitilafu na haikurekebishwa.

Hata komeo jema lina mipaka yake. Kule Mpondwe, wavulana walijifungia bwenini na wavamizi wakalichoma. Kwa hiyo wanaojificha waendelee kusikiliza na kunusa, na wajue mlango wa pili uko wapi. Moto ukianza, kujificha kumekwisha.

Mazoezi bila hadaa

Mpango usiofanyiwa mazoezi ni karatasi. Hata hivyo, zoezi baya linaweza kuua.

Mnamo Novemba 30, 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi lililoigiza shambulio la kigaidi. Milio ya risasi iliposikika, wanafunzi na wafanyakazi wengi waliamini ni kweli. Baadhi waliruka kutoka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki kutokana na majeraha na wengine wengi wakaumia. Ilikuwa miezi minane tu baada ya Garissa, na taifa lilikuwa bado na hofu.

Kutokana na mkasa huo, kanuni chache ni wazi. Kila zoezi litangazwe mapema kwa wanafunzi, wafanyakazi, wazazi, majirani na polisi. Siku na saa zitajwe. Kusiwe na milio ya risasi, damu ya bandia wala watu waliovaa kama magaidi. Mwanzoni na mwishoni itangazwe waziwazi kuwa ni zoezi.

Wataalamu wa saikolojia ya shule nchini Marekani pia hutahadharisha dhidi ya maigizo ya kutisha, wakieleza kuwa yanaweza kuwaumiza watoto kisaikolojia. Kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, inatosha kufundishwa kumsikiliza mwalimu, kunyamaza na kusogea upesi bila kusukumana.

Zoezi lianze kwa hatua ndogo. Kwanza, wafanyakazi waketi mezani na ramani ya shule na kujibu maswali: ni saa tisa usiku, mlinzi amepiga kamsa, nani anafanya nini? Kisha watembee kwenye njia za kutorokea bila wanafunzi. Hatimaye wanafunzi washirikishwe, darasa kwa darasa, bweni kwa bweni.

Ngazi ziangaliwe kwa makini. Wanafunzi 14 walifariki kwa mkanyagano katika shule ya msingi ya Kakamega mnamo Februari 2020, walipokuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Zoezi lisiwatoe watu wote katika orofa zote kwa wakati mmoja.

Angalau zoezi moja lifanywe nje ya saa za masomo, likiongozwa na matroni, mlinzi na viranja, mwalimu mkuu akiwa mtazamaji tu. Hapo ndipo itakapojulikana kama nambari za simu zinapatikana, kama tochi zina betri na kama mlango wa dharura unafunguka.

Dakika za mwanzo

Polisi wanaweza kuchukua muda. Huko Garissa, kikosi maalumu kilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na shambulio lilikomeshwa jioni. Huko Uvalde polisi walikuwa tayari ndani ya shule, lakini walikaa zaidi ya saa moja kabla ya kumkabili muuaji. Shule haina budi kujiandaa kuishi muda huo kwa nguvu zake yenyewe.

Anayepiga simu kwa nambari 999 au 112 aseme shule iko wapi, wavamizi wako wangapi, wana silaha gani na walionekana wapi mara ya mwisho. Nambari ya kituo cha polisi cha karibu ibandikwe langoni, jikoni na katika kila bweni, kwa sababu wakati mwingine hiyo ndiyo itakayojibiwa kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Mtu anayevuja damu nyingi anaweza kufariki kwa dakika chache. Walimu na wafanyakazi wafundishwe kukandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachilia, na kufunga mkono au mguu kwa kifaa maalumu cha kuzuia damu, juu ya jeraha. Sanduku la huduma ya kwanza lisifungiwe ofisini.

Maafisa wa usalama wakifika, hawawezi kumtambua mwalimu na mvamizi kwa mara moja. Watu watoke mikono ikiwa juu na mitupu, wasiwakimbilie maafisa wala kuwashika, na wafuate amri.

Zamu ya wazazi

Mzazi anayesikia kuwa shule ya mwanawe imevamiwa atataka kukimbilia langoni. Ni jambo la kibinadamu, lakini umati na bodaboda barabarani huzuia magari ya wagonjwa na polisi, na huweza kuwaweka wazazi wenyewe katika hatari. Kumwambia asiende bila kumwonyesha mahali pengine pa kwenda hakutafaulu.

Kwa hiyo mahali pa wazazi kukutanishwa na watoto pachaguliwe mapema, mbali na shule, na patangazwe katika mkutano wa wazazi mwanzoni mwa mwaka. Panaweza kuwa ukumbi wa kanisa au uwanja wa michezo. Baada ya mkasa wa Garissa, manusura walisafirishwa hadi uwanja wa Nyayo jijini Nairobi kukutana na jamaa zao, huku familia nyingine zikielekea katika hifadhi ya maiti ya Chiromo kutambua miili.

Utaratibu wa kukutanisha watu ni rahisi ukiandaliwa. Wazazi wapokelewe upande mmoja na watoto wakae upande mwingine wasikoonekana. Mzazi aonyeshe kitambulisho, jina lake lilinganishwe na sajili, mtoto aletwe na mzazi atie sahihi. Hakuna mtoto atakayekabidhiwa jirani au mjomba ambaye hayumo katika orodha, hata kama mtoto anamjua. Familia ambazo watoto wao hawajapatikana zipewe chumba chao na mtu wa kuzieleza ukweli unavyojulikana, zisiachwe zikitazama wenzao wakiondoka na watoto.

Sajili hiyo iwe na nambari mbili za simu kwa kila mtoto, na nakala yake ihifadhiwe nje ya shule. Sajili iliyo ndani ya ofisi iliyozingirwa haimfai mtu.

Shule iteue msemaji mmoja na njia moja ya kutoa taarifa, iwe ni arafa au kundi la WhatsApp la wazazi ambalo wasimamizi pekee ndio huandika. Wazazi nao wakubali kutosambaza picha za majeruhi wala majina ya waliofariki kabla ya jamaa kuarifiwa. Wasiwapigie simu waliojificha. Mlio mmoja unaweza kufichua chumba kizima.

Nyumbani, mzazi anaweza kuzungumza na mtoto kwa utulivu. Amweleze kuwa matukio haya ni nadra, kwamba watu wazima wamejipanga, na kwamba kuripoti tishio si kuchongea mwenzake. Pia ahakikishe mtoto amekariri nambari moja ya simu, kwani wanafunzi wengi wa bweni hawana simu.

Baada ya mkasa

Jeraha la moyo hukaa muda mrefu. Wanafunzi, walimu na walinzi walionusurika wanahitaji ushauri nasaha, nao wasilazimishwe kusimulia waliyoyaona. Kukosa usingizi, kushtuka kwa sauti ndogo na kukataa kurudi shuleni ni dalili za kawaida katika majuma ya mwanzo. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, mtaalamu atafutwe. Nambari 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016 baada ya kituo cha polisi kuwekwa ndani ya uwanja wake. Si kila shule inayoweza kupata ulinzi wa kiwango hicho. Ila kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa, na ambayo mzazi yeyote ana haki ya kuyauliza katika mkutano ujao wa shule.

Ishara ya uvamizi ni ipi, na inatofautianaje na ya moto? Je, bweni la mtoto linafunguliwa kutoka ndani bila ufunguo? Ni nani anayeongoza saa tisa usiku? Zoezi la mwisho lilifanywa lini, na je, matroni, mpishi na bawabu walikuwepo? Wazazi watakutana na watoto wapi?

Ikiwa majibu hayapatikani, kamati ya usalama ina kazi ya kuanza muhula huu.